Leseni ya TV Uingereza kwa anayetazama mtandaoni: nani anunue, nani asinunue, na la kufanya wakibisha hodi

Barua ya kwanza huja kabla hujamaliza hata kufungua mabegi. Bahasha haina jina lako. Imeandikiwa "mkaaji halali" wa nyumba. Ndani, kwa maandishi mazito, unaambiwa kwamba anwani yako haina leseni ya TV, yaani ile ada ya kila mwaka ya kutazama televisheni, na kwamba uchunguzi unaweza kufunguliwa. Nawe runinga huna. Una simu, laptop na WiFi ya mwenye nyumba, basi. Wapo wanaoitupa barua hiyo kapuni bila kuisoma, na wapo wanaoingiwa na hofu wakalipa leseni wasiyoihitaji. Wote wamejibu kabla ya kujiuliza swali lenyewe: unatazama nini, na unakitazama wakati gani?

Mwongozo huu ni kwa Waswahili walioko Uingereza, hasa wale ambao runinga yao ni simu. Nimeupanga kwa hatua, lakini kama tayari una barua ya mahakama mkononi, ruka moja kwa moja hadi hatua ya sita; mengine utayasoma baadaye.

Hatua ya kwanza: jiulize maswali mawili

La kwanza: je, unatazama au kurekodi kipindi chochote cha televisheni wakati kinaporushwa, yaani mubashara? La pili: je, unatumia BBC iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama vipindi mtandaoni, kwa jambo lolote lile? Ukijibu ndiyo kwa moja tu, unahitaji leseni. Ukijibu hapana kwa yote mawili, huhitaji, hata kama sebuleni pana runinga ya inchi 65.

Hiyo ndiyo sheria yenyewe, na msingi wake ni kifungu cha 363 cha Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2003. Chombo hakina maana. Simu, tableti, kompyuta, kifaa cha michezo ya video, runinga yenye intaneti, vyote ni sawa mbele ya sheria. Aliyehamia hapa kutoka Ujerumani hushangaa, kwa sababu kule kila kaya inalipa euro 18.36 kwa mwezi, iwe inatazama au haitazami, iwe ina kifaa au haina. Na aliyetoka Ireland naye hushangaa kwa upande wake, maana kule leseni ya euro 160 inadaiwa kwa kuwa na seti ya runinga, na anayetazama kwenye laptop haguswi. Kwa hiyo usichukue ushauri wa binamu aliyeko Berlin au Dublin ukautumia Birmingham.

Sasa hilo neno mubashara ndilo linalowaponza watu. Wengi hudhani ni mpira, habari na sherehe za kifalme tu. Sivyo. Tamthilia iliyorekodiwa miezi mitatu iliyopita, kama sasa hivi iko hewani na wewe unaitazama chaneli ikiirusha, hiyo ni mubashara. Chaneli zinazorudia vipindi baada ya saa moja nazo zinahesabiwa, kwa sababu ni matangazo yanayopokelewa na umma kwa wakati ule. Ukisimamisha kipindi kwa dakika kumi ukaenda kugeuza chapati, kisha ukaendelea, bado umo humo humo. Kurekodi ili utazame kesho pia kunahitaji leseni.

Kisichohitaji leseni ni kipindi unachokichagua wewe, saa uitakayo, kikiwa kimeshawekwa tayari: filamu na tamthilia za Netflix, za Disney+, za Amazon Prime Video, vipindi vya marudio kwenye ITVX au Channel 4, video za YouTube za kawaida, DVD. Lakini huduma hizo hizo zikirusha kitu mubashara, kama mechi ya mpira kwenye Amazon au pambano la ndondi kwenye Netflix, mlango unafunguka upya na leseni inadaiwa. Usiseme "mimi niko Netflix tu" ukadhani umemaliza.

Na je, chaneli za nyumbani?

Hapa ndipo penye swali letu sisi, na karatasi nyingi za maelezo hazilijibu waziwazi. Unakaa Reading. Nairobi ikifika saa moja jioni, hapa ni saa kumi alasiri wakati wa baridi au saa kumi na moja wakati wa kiangazi, nawe unafungua YouTube kutazama taarifa ya habari ya Citizen ikiwa hewani. Au ni siku ya watani wa jadi, Simba na Yanga wako Uwanja wa Benjamin Mkapa, na wewe uko Leicester na programu ya Azam kwenye simu. Unahitaji leseni ya TV ya Uingereza?

Ndiyo. Maelezo rasmi yako wazi kwamba haijalishi chaneli inatoka nchi gani, wala kama inakuja kwa dishi, kwa waya au kwa intaneti. Kinachotazamwa ni kwamba wewe uko Uingereza na kipindi cha televisheni kiko hewani. Kwamba umeshalipia kifurushi cha Azam au DStv, au kwamba YouTube haina malipo, hakubadilishi kitu. Pesa ile ni ya kampuni. Leseni ni jambo jingine. Na kile kiboksi cha chaneli elfu moja kinachouzwa kwa kunong'onezana msikitini au saluni, hicho kina matatizo mawili kwa pamoja: leseni bado unadaiwa, na juu yake umenunua matangazo ya wizi.

Taarifa ile ile ya Citizen ukiitazama baada ya kwisha, ikiwa imeshawekwa kama video, huhitaji leseni. Mechi nzima ikipandishwa kesho yake, huhitaji. Kwa anayetaka tu kujua habari za nyumbani bila kulipa, kusubiri saa moja kunatosha kabisa, na ni halali. Kwa mpenzi wa mpira najua ushauri huo hauna maana. Matokeo yatakuwa yameshafika kwenye kundi la WhatsApp kabla refa hajamaliza kupuliza.

Harusi ya mpwa wako unayoifuatilia kwa simu ya video ya WhatsApp si televisheni, usijitie wasiwasi. Sheria inazungumzia vipindi vya televisheni, si mazungumzo ya ukoo.

Mtego wa iPlayer

Hadi mwaka 2016 mtu aliweza kutazama vipindi vya marudio kwenye iPlayer bila leseni. Tangu tarehe 1 Septemba 2016 mlango huo umefungwa: iPlayer yote inahitaji leseni, mubashara na marudio, kutazama na kupakua, kwenye kifaa chochote. Ndiyo maana programu hiyo inakutaka ufungue akaunti kisha inakuuliza kama una leseni. Wengi hubonyeza "ninayo" ili katuni ya mtoto ianze. Anayebonyeza hivyo anaacha barua pepe na postikodi yake mahali panapoweza kulinganishwa na orodha ya walionunua leseni. Kama umeamua kuishi bila leseni, ifute iPlayer kwenye simu na kwenye runinga, na mwambie kila mtu nyumbani, hasa watoto, kwamba hiyo haiguswi.

BBC Sounds, programu ya BBC ya kusikiliza redio, ni salama. Redio haihitaji leseni tangu mwaka 1971. Kusoma habari kwenye tovuti ya BBC Swahili nako hakuna tatizo.

Hatua ya pili: jua leseni ni ya nani

Leseni ni ya anwani, si ya mtu. Familia moja, nyumba moja, leseni moja, hata mkiwa na runinga tano na wageni kutoka Tanga waliokuja kwa mwezi mzima. Matatizo huanza kwenye nyumba za kupanga kwa vyumba, ambako wengi wetu tunaanzia maisha.

Toa mkataba wako wa upangaji uusome. Kama mmetia saini mkataba mmoja kwa pamoja, watu wanne au watano, kwa kawaida leseni moja inawatosha nyote, mnachangishana. Kama kila mmoja ana mkataba wake wa chumba chake, kila anayetazama chumbani kwake anahitaji leseni yake, na ile ya mwenzako wa chumba cha juu haikufuniki. Ukiishi kwa mwenye nyumba kama ndugu yake au mfanyakazi wake wa ndani, leseni yake inakufunika, mradi huishi kwenye sehemu iliyojitenga kabisa na nyumba. Mpangaji asiye na uhusiano wowote naye asidhani hivyo.

Kisha kuna kanuni ya betri, ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza hudhani anataniwa. Mwanafunzi anayeishi hosteli anaweza kufunikwa na leseni ya nyumbani kwa wazazi wake hapa Uingereza, lakini tu akitazama kwa kifaa kinachotumia betri yake chenyewe, kisichounganishwa na umeme wala antena. Akichomeka chaja ukutani huku mechi inaendelea, leseni ya wazazi haimfuniki tena na chumba chake kinatakiwa kuwa na leseni. Hiyo ndiyo kanuni, hata kama chaji imebaki asilimia nane na mechi iko dakika ya themanini na tano. Kwa msafiri wa kawaida ni hivyo hivyo: leseni ya nyumbani kwako inakufuata kwenye basi na kazini ukiwa na simu isiyochomekwa. Ukichomeka, unategemea leseni ya mahali ulipo. Mwanafunzi ambaye wazazi wake wako Mwanza au Eldoret hana leseni ya wazazi ya kuegemea. Yeye ahesabu kama mtu mzima mwenye chumba chake.

Mwenye kinyozi, saluni au mgahawa: leseni ya nyumbani kwako haivuki kuja dukani. Runinga ya pale juu ya kioo, kama inaonyesha chaneli zilizo hewani, inahitaji leseni ya biashara yenyewe.

Hatua ya tatu: ukiihitaji, inunue kwa njia isiyokuumiza

Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 leseni ya rangi iliwekwa kuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Bei hupandishwa mwezi Aprili kufuatana na mfumuko wa bei, hivyo angalia bei ya siku unayonunua kwenye tovuti yenyewe ya TV Licensing, jina ambalo BBC hulitumia kukusanya ada hii. (Ya runinga nyeusi na nyeupe bado ipo, pauni 58.50 kwa bei ya mwaka ule. Usijaribu kuitumia kwa simu.)

Njia ya kulipa ina maana kuliko watu wanavyodhani. Ukichagua makato ya benki ya kila mwezi, mwaka wa kwanza bei haigawanywi sawasawa kwa miezi kumi na miwili. Utakatwa karibu mara mbili kwa miezi sita ya mwanzo, kwa bei ya 2025 kama pauni 29 kwa mwezi, ndipo makato yashuke kuwa kama 14 na nusu. Mtu aliyepanga bajeti ya 14 huiona 29 kwenye taarifa ya benki akadhani ameibiwa. Kulipa kila robo mwaka kuna nyongeza ndogo. Kulipa yote kwa mkupuo hakuna nyongeza wala mshangao, kama unazo.

Kama huna, usikae kimya. Kuna mpango wa malipo kwa wenye hali ngumu, unaogawa gharama kidogo kidogo kwa wiki mbili mbili au kwa mwezi, na unaruhusu kukosa siku moja bila mpango mzima kuvunjika. Unaweza pia kulipa taslimu kwenye maduka yenye alama ya PayPoint kwa kadi maalumu wanayokutumia. Mtu ambaye ameshaanza mpango, hata kama amechelewa, yuko mahali tofauti kabisa na mtu asiye na chochote siku atakapogongewa mlango.

Punguzo ni machache. Mwenye cheti cha ulemavu mkubwa wa kuona hulipa nusu. Aliyetimiza miaka 75 alikuwa akiipata bure, lakini tangu Agosti 2020 ni bure tu kama yeye au mwenzi wake anayeishi naye anapokea Pension Credit, nyongeza ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo. Hili tulichukulie kwa uzito kwa wazee wetu: wengi wanastahili Pension Credit na hawajawahi kuiomba, na leseni ni sehemu ndogo tu ya wanachokosa. Bibi akiwa na miaka 75 na bado analipa, anza kwa kuuliza hilo.

Hatua ya nne: usipoihitaji, sema au nyamaza, lakini usidanganye

Unaweza kujaza tamko la kwamba huhitaji leseni, mtandaoni, kwa dakika chache. Barua zitapungua kwa muda wa hadi miaka miwili, kisha watakuuliza tena. Tamko ni la hiari. Hakuna sheria inayokulazimisha kumweleza mtu yeyote kwamba huna unachotazama, na kutojibu barua si kosa. TV Licensing nao wanaweza kuja kuhakiki hata baada ya tamko.

Maoni yangu: kama kweli hutazami, jaza. Ile bahasha ya maneno mekundu inamtia mama mkwe kiwewe bure, na dakika tano za kujaza fomu ni nafuu kuliko mwaka mzima wa kumtuliza. Ila kabla ya kujaza, zunguka nyumba. Futa iPlayer. Chomoa waya wa antena nyuma ya runinga. Muulize mtoto wa kidato anatazama nini kwenye tableti yake usiku. Tamko unalitoa kwa nyumba nzima, na mpwa aliyelala chumba cha nyuma akitazama mechi hewani amekuvunjia neno lako.

Watu huuliza: "Watajuaje?" Mwaka 2016 kulikuwa na uvumi kwamba magari ya wakaguzi wa leseni yananusa WiFi za watu, lakini BBC ilikanusha kwamba inachukua data za mitandao ya watu binafsi. Kazi kubwa hufanywa na kitu kisicho na msisimko wowote: orodha ya anwani. Anwani zote za nchi zinajulikana, zenye leseni zinajulikana, zilizobaki zinaandikiwa barua, na baadhi zinatembelewa. Tangu mwaka 2013 maduka hayalazimiki tena kuripoti jina la anayenunua runinga, kwa hiyo hadithi ile ya "ukinunua TV Currys wanakuandika" imepitwa na wakati. Ushahidi unaomtia mtu hatiani mara nyingi hutoka kinywani mwake mwenyewe, mlangoni.

Hatua ya tano: mlangoni

TV Licensing ni jina tu la kibiashara la BBC, na wanaokuja mlangoni ni wafanyakazi wa kampuni ya Capita iliyopewa kazi hiyo. Si polisi. Hawana mamlaka ya kuingia nyumbani kwako bila ridhaa yako, isipokuwa wamepata hati ya upekuzi kutoka kwa hakimu, au sherifu kule Scotland. Hati hizo ni nadra.

Sasa sisi tumelelewa kwamba mgeni akibisha hodi huambiwa karibu. Hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu karibu yako ndiyo ruhusa yake. Chukua mama mmoja, saa kumi na mbili jioni, mtoto mgongoni, sufuria jikoni. Afisa anaonyesha kitambulisho, ana tabasamu na adabu. Anasema anahakiki tu kumbukumbu za anwani hii. Anauliza kama kwa maongezi: jioni huwa mnatazama nini? Mama anajibu kwa unyofu, "Hatuna TV, tunatazama tu habari za nyumbani kwenye YouTube." Zikiwa hewani au baadaye? "Zikiwa hewani." Afisa anaandika. Anasoma maneno machache kwa haraka, kwamba si lazima useme lolote lakini unachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Kisha anageuza karatasi au kifaa chake: tafadhali tia saini hapa. Mama anasaini kwa sababu sufuria inaungua na mtu huyu ni mpole. Saini ile ni ya mahojiano ya jinai.

Si kisa cha kubahatisha. Takwimu za serikali kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba katika kila watu kumi wanaotiwa hatiani kwa kosa hili, zaidi ya saba ni wanawake, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba wao ndio huwa nyumbani na ndio hufungua mlango. Kwa hiyo maongezi haya yafanyike nyumbani mapema, na yamhusu kila anayeweza kushika kitasa.

La kufanya ni hivi. Watoto wasifungue. Wewe ukifungua, omba kitambulisho, muulize anatoka wapi. Kama una leseni, mwonyeshe namba yake, mmemalizana. Kama huhitaji leseni, unaweza kusema sentensi moja, "Hatutazami vipindi vilivyo hewani wala iPlayer," ukafunga. Unaweza pia kumruhusu aangalie kama hilo halikusumbui. Una haki ya kutosema lolote, kutotaja jina, na kufunga mlango kwa heshima. Kutojibu si kosa. Lakini wakija na hati ya upekuzi, isome uone anwani na tarehe, kisha usiwazuie. Kumzuia mwenye hati ni kosa jingine kabisa.

Kama Kiingereza chako si cha kujiamini, usitie saini chochote. Sema hivyo hivyo: sisaini nisichokielewa. Na kama kweli umekuwa ukitazama bila leseni, usibuni hadithi. Kunyamaza ni haki yako, uongo si haki ya mtu. Nunua leseni siku ile ile.

England, Wales na Ireland ya Kaskazini unaweza kuwaandikia kuwaondolea ruhusa ya kawaida ya kuja mlangoni. Scotland jambo hilo halipo, kwa kuwa sheria yao ya ardhi ni tofauti. Na kesi za huko huenda kwa mwendesha mashtaka wa serikali badala ya TV Licensing kuzifungua wenyewe.

Hatua ya sita: barua ya mahakama

Hii haifanani na zile za mwanzo. Ina jina lako, ina jina la mahakama, na inataja utaratibu wa hakimu mmoja (Single Justice Procedure) wa England na Wales, ambapo kesi huamuliwa kwa karatasi bila wewe kufika. Una siku 21 za kujibu. Usipojibu, kesi inaamuliwa hivyo hivyo bila sauti yako.

Jibu, hata kama una hatia. Faini inaweza kufika pauni 1,000, ila kwa kawaida hupimwa kwa kipato chako cha wiki, na hakimu hawezi kukijua kipato chako usipojaza ile fomu ya mapato. Mtu anayelipwa mshahara wa chini akiiacha fomu hiyo tupu huhesabiwa kwa kipato cha kukadiriwa. Juu ya faini huja gharama za kesi na tozo ya waathirika, ambayo ni asilimia 40 ya faini. Andika pia hali yako: ugonjwa, mtoto mchanga, benki iliyokataa makato, na kama umeshanunua leseni ambatisha uthibitisho. Wapigie TV Licensing wenyewe kabla ya tarehe ya kesi. Mtu wa mara ya kwanza aliyekwisha kununua leseni mara nyingi huachiwa.

Kama hukutenda kosa, kana. Kesi itahamia kwenye kikao cha kawaida na utafika mahakamani. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema, ni haki yako.

Kuna wanaogundua walihukumiwa miezi iliyopita kwa sababu barua zote zilienda anwani ya zamani. Usilipe kwa hasira wala usizipuuze. Nenda mahakamani ukatoe tamko la kiapo kwamba hukujua kesi hiyo, ndani ya siku 21 tangu ulipojua, na hukumu itafutwa kesi ianze upya.

Huwezi kufungwa kwa kutokuwa na leseni. Waliowahi kuingia jela walikwenda kwa kukataa kulipa faini ya mahakama, ambalo ni jambo la pili. Lakini hukumu ni hukumu. Fomu ya kuomba uraia inauliza kuhusu hukumu na faini za mahakama, na hii nayo imo. Itaje. Haiwezi kukuharibia kama uongo wa kuificha unavyoweza, na kama una ombi lolote linaloendelea Home Office, mwone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kukiri kosa.

Barua pepe za matapeli

"Leseni yako imekwisha, bonyeza hapa ulipe." Utapeli huu ni wa kila mwaka. Anayeandika hajui jina lako, anakuita mteja mpendwa au anatumia barua pepe yako kama jina, na kiungo chake kinaelekea kwenye tovuti isiyo ya TV Licensing. Usibonyeze. Andika anwani ya tovuti mwenyewe, uingie na namba yako ya leseni. Barua pepe ya kitapeli ipeleke report@phishing.gov.uk, na ujumbe wa simu upeleke 7726, bure.

Ukihama au ukirudi nyumbani

Leseni haihami yenyewe. Badilisha anwani mtandaoni, unaweza kufanya hivyo hadi miezi mitatu kabla ya kuhama, la sivyo anayeingia nyumba ya zamani anakaa chini ya leseni yako na wewe huku unaandikiwa barua nyekundu.

Unaporudi Afrika Mashariki moja kwa moja, au unapohamia nyumba iliyo na leseni tayari, kuzuia makato benki peke yake hakutoshi. Iombe TV Licensing ifute leseni na uombe kurudishiwa pesa za miezi kamili iliyobaki. Mwezi mmoja mzima ukibaki, unastahili. Fanya hivyo kabla ya kufunga akaunti ya benki, kwa sababu pesa hurudi kwenye akaunti ya hapa, na hundi ya pauni ukiipeleka benki ya Arusha itakula siku nyingi na makato yatakayomaliza nusu yake.